Ndalahwa Anakula Nje

Dar es Salaam
6 Machi 1994

Dada Silvana,

Shikamoo. Sisi huku Tabata hatujambo, ila joto linatuonea. Adela anakusalimu. Fransisko ameanza darasa la kwanza na ameng'oka meno mawili ya mbele, akicheka utadhani babu yetu amefufuka. Msalimie shemeji Ndalahwa, Minza na Masunga. Natumaini mahindi yenu hapo Izia yamestawi.

Dada, nimepata likizo mwezi wa saba, wiki nzima nitakuwa huko. Na tarehe 16 Julai baba na mama wanatimiza miaka arobaini tangu wafunge ndoa pale parokiani Kaengesa. Huku mjini watoto wenye akili huwatoa wazazi wao siku kama hiyo, wakawapeleka hotelini, wakala vizuri, wakapiga picha. Nataka na sisi tufanye hivyo. Sitaki mama apike. Amepika miaka arobaini, siku hiyo akae apikiwe.

Siku hizi kila kitu ruksa, nasikia hata Sumbawanga hoteli zimeota kama uyoga. Naomba uzunguke, uonje chakula, uchague moja. Nataka meza moja yenye kitambaa cheupe: wazee katikati, mimi na Adela upande mmoja, wewe na shemeji upande wa pili, watoto mwishoni. Nijibu upesi ili nijipange.

Mdogo wako,
Cornelius


Izia, Sumbawanga
Jumamosi Kuu, 2 Aprili 1994

Mdogo wangu Cornelius,

Marahaba. Barua yako imefika wiki ya Matawi, kona moja imelowa, maana basi lilikwama kwenye tope kabla ya Laela na mizigo ikashushwa mvuani. Sisi wazima. Masunga alishikwa na homa, amepona. Kifua cha baba kinaanza kulia kama kawaida baridi ikikaribia. Mama mzima, juzi nilimkuta shambani kwenye maharage, akanifukuza nisimsaidie. Ndalahwa ameteremka Mtowisa kuona ng'ombe na ndugu zake Wasukuma, atapanda baada ya Pasaka.

Umeniambia nizunguke. Nimezunguka.

Kwanza nilikwenda Nyota Tatu, ile mpya karibu na stendi. Nyota zenyewe sikuziona. Wana televisheni yenye dishi, na yule kijana wa kuhudumia aliniwekea soda huku akitazama watu wanapigana mieleka, nusu imwagike kwenye gauni langu la kanisani. Kuku wake alikuwa mgumu, nikadhani ndiye yule aliyewika Petro alipomkana Bwana. Kitambaa cheupe wanacho, kina ramani ya michuzi ya wiki nzima.

Kitulizo Hoteli ni safi, sisemi uongo, lakini ili ufike kwenye chakula lazima upite baa. Baba yako aliyekuwa katekista apite katikati ya walevi na mkongojo wake? Hapana.

Chakula nilichokula kikapita vizuri ni kwa Mama Coleta, sokoni. Ugali laini, samaki wa Ziwa Rukwa, maharage yenye karanga. Ila pale watu wanakaa kwenye mabenchi, na najua ukiona benchi utasema nimekuaibisha mbele ya mkeo.

Lakini hoteli si tatizo. Tatizo ni hiyo meza yako moja. Cornelius, umemweka mama na Ndalahwa meza moja! Mama hali mbele ya Ndalahwa, na Ndalahwa hali mbele ya mama. Tukienda Kaengesa mume wangu hula nje, pembeni ya kihenge cha nafaka, na mvua ikinyesha anasogea chini ya paa la kihenge na sahani yake. Mwaka wa kumi na nne huu. Hilo huwezi kuwa umelisahau.

Mimi ningesema hivi: achana na hoteli. Njoo nyumbani Kaengesa, uje na siku za kutosha, usije na saa mkononi. Ukitulia nyumbani, yapo mambo yatapata nafasi ya kufanyika.

Pasaka njema. Mwambie Fransisko asitupe meno yake hovyo, arushe juu ya paa.

Dada yako,
Silvana


Dar es Salaam
9 Mei 1994

Dada,

Shikamoo. Tumepata barua yako, tunashukuru kwa kuzunguka. Adela alikuwa na malaria, sasa anaendelea vizuri. Kazini mambo mengi, wenye kampuni wapya wanataka kila mtu afanye kazi ya watu watatu.

Dada, nitasema wazi na usikasirike. Mambo ya nani hali mbele ya nani ndiyo yanayotuweka nyuma sisi watu wa Ufipa. Dunia inakwenda mbele. Kaengesa siwezi kufanya sherehe. Nikifanya pale, mama ataamka alfajiri kuchota maji, ataulizia moto, ataulizia chumvi, mwisho atakuwa mpishi wa jubilei yake mwenyewe, na wewe utakuwa unamenya viazi. Hilo ndilo unalolitaka?

Kama taabu ni shemeji, basi dawa ni rahisi. Yeye abaki nyumbani siku hiyo. Ni mtu mwelewa, hatachukia. Tutamfungia chipsi na kuku tumletee. Siku ni ya wazazi, si ya wakwe.

Tuchague Nyota Tatu. Kitambaa kitafuliwa.

Cornelius


Izia
30 Mei 1994

Cornelius,

Salamu zangu zimo humu, zitafute mwenyewe.

Nimesoma barua yako mara moja nikaikunja, maana Ndalahwa alikuwa anaingia na jembe begani. Ametoka wapi? Ametoka Kaengesa. Mtama wa baba nani alivuna? Ulezi wa mama nani alipiga, akapepeta, akaujaza kwenye kihenge kilekile anachoegemea akila? Mwezi wa kumi na moja unapokuwa ofisini chini ya feni, nani hufunga plau na kupeleka maksai wake, shamba la wazee likalimwa kabla ya la kwetu? Umfungie chipsi! Huyu si mbwa wa getini, Cornelius. Ni mume wangu.

Siku si ya wakwe, eti. Haya. Basi na mkeo abaki nyumbani, nitamfungia kiporo. Au wa kwako si mkwe, ni malaika? Jiulize jambo moja tu, wewe msomi: Adela alipofika Kaengesa mara ya kwanza, alikula wapi? Alikula nje? Nani alimshika mkono akamwingiza jikoni, akamkalisha kwenye mkeka mpya, akamtilia tonge la kwanza mdomoni? Mama. Na alingoja siku ngapi? Hakungoja. Tangu siku hiyo Adela anakula na baba bila wasiwasi.

Sasa jiulize la pili, kwa nini Ndalahwa bado yuko nje. Mimi sikuambii. Kuna neno ambalo mke halisemi, hata ale chumvi ya machozi. Kuna mtu wa kulisema na kulitenda, na mtu huyo si mimi.

Baba anakohoa. Mama anakusalimu, yeye ana moyo wa kukusalimu.

Silvana


Dar es Salaam
20 Juni 1994

Dada Silvana,

Shikamoo, ingawa naona hutaki hata kuitikia.

Barua yako imenifika kwa mkono wa dereva. Adela ameisoma kabla yangu, kwa hiyo sasa na nyumbani kwangu hakukaliki. Mke wangu kakukosea nini? Unamwingiza kwenye vita visivyomhusu.

Usinitegee vitendawili. Mimi nimekulia shule za bweni tangu nina miaka tisa, mnanilaumu kwa mambo ambayo hakuna aliyekaa akanifundisha. Kama shemeji ana kinyongo na mimi, aseme kama mwanaume. Sisi ndugu wawili tu tuliobaki kwa wazee wetu, na bado unatafuta sababu ya kuniharibia siku niliyoiwaza mwaka mzima.

Nimeshampigia simu rafiki yangu Adriano wa ofisi ya mkoa. Ameweka oda Nyota Tatu, tarehe 16, saa saba mchana. Wazee waletwe. Anayetaka kuja aje, anayetaka kununa anunie kwake.

Cornelius


Dar es Salaam
5 Agosti 1994

Silvana,

Tumefika salama. Fransisko alitapika njia nzima hadi Mbeya. Hizo ndizo habari za nyumbani.

Sikutaka kusema kitu mbele ya wazee, ndiyo maana niliondoka kimya. Sasa nasema. Mmenidhalilisha. Kitambaa kilikuwa cheupe, nilikikagua mwenyewe. Kuku alikuwa laini. Kulikuwa na pilau, saladi, soda za kopo alizoagiza Adriano toka Tunduma. Mpiga picha alikuwepo. Na mama akaficha mikono yote miwili chini ya kitenge chake, akageuza uso dirishani, akakaa hivyo. Nilimwekea minofu kwenye sahani. "Nimeshiba," akasema. Ameshiba nini? Ametoka Kaengesa na uji wa asubuhi! Baba akala vijiko viwili vya pilau, akamwona mama, na yeye akaweka kijiko. Wahudumu wakaanza kunong'ona. Adela alilia gesti hadi macho yakavimba. Ile picha nimeiona: watu wote tumekaa mbele ya chakula kama tuko kwenye matanga.

Na shemeji kusimama nje ya kioo muda wote ule kama askari wa zamu, nani alimtuma? Si nilisema abaki? Nilimtumia sahani kwa heshima, kwa mhudumu, ili asijisikie vibaya. Hata hiyo hamkuiona.

Ulimfundisha mama asile. Najua ni wewe. Sitakusamehe kwa hili.

C.


Izia
4 Septemba 1994

Cornelius,

Mvua bado. Upepo wa mwezi wa nane umeng'oa bati mbili za jikoni, Ndalahwa amezipigilia. Watoto wazima. Barua yako nimekaa nayo muda, kwa sababu kila nikishika kalamu naikandamiza kwa hasira hadi karatasi inatoboka, na sikutaka uone mwandiko mbaya ukasema dada yangu hakusoma.

Sikumfundisha mama chochote. Keti nikuambie ulichokuwa unakitazama bila kukiona.

Ndalahwa hakusimama kama askari. Ni yeye aliyewaleta wazazi wako. Alikwenda kwa Oswaldi, jirani yetu, akaazima pikapu, akatandika godoro nyuma ili kifua cha baba kisipigwe na mashimo ya barabara, akamfunika kwa blanketi lake mwenyewe, naye akasafiri na upepo ule wa Julai amevaa shati tu. Alipowashusha hakuweza kuondoka, maana nani angewarudisha? Wewe? Ulikuja na gari? Akasimama nje akingoja. Wewe ukamwona ukapunga mkono. Halafu ukamtuma kijana na sahani, na kijana akaiweka kwenye ngazi, pale watu wanapokung'utia vumbi la viatu. Mama alikuwa amekaa dirishani, wewe ndiye uliyempa kiti kile. Alimwona mkwe wake anainama kuchukua chakula kwenye vumbi, mbele ya watu wa stendi. Nyumbani anakula nje, lakini ni nyumbani, na ugali wake mama huupika kwa mkono wake na Minza humpelekea amepiga magoti. Hii ya kwako ilikuwa kumlisha mtu barabarani. Ungetaka mama ameze?

Sasa nitasema lile neno. Nimeapa sitalisema, na nikilisema nitakuwa nimeliharibu, lakini umenifikisha.

Mkwe wa kiume haingii mwenyewe. Anaingizwa. Mama hupika pombe ya ulezi na chakula cha kila namna, majirani huitwa, kisha kaka wa binti hutoka nje, humshika mkwe mkono, humleta ndani na kumkalisha kwenye mkeka mpya karibu na mama. Mama humpa tonge la kwanza. Basi, hapo mkwe amekuwa mtoto wa nyumba, anakula na wote. Nyumba yetu ina kaka mmoja, naye ni wewe. Alikuwepo Adriano wa mkoa wa kuweka oda, alikuwepo mpiga picha, lakini mkono wako haukupatikana. Nilipoolewa ulikuwa shuleni, tukasema haya, atamaliza. Ulipomaliza ukasema kazi. Mama alipika pombe mara mbili akisikia unakuja, na mara mbili uliinywa ukasifu, ukapanda basi asubuhi. Aliona haya kukuambia. Mtu hakumbushwi kumheshimu mume wa dada yake. Oswaldi alijitolea kushika nafasi yako, baba akakataa, akasema ana mtoto wa kiume hai, hawezi kuazima mkono wa jirani kama anayeazima ungo.

Na mke hawezi kuomba. Nikiomba, itakuwa mume wangu ameingia kwa kuombewa, kama mtu anayeombewa kazi. Ndiyo maana nilikuandikia uje nyumbani utulie. Ndiyo maana nilikuuliza habari za Adela. Nilikuelekeza mpaka mlangoni, nikabakiza kukusukuma tu. Ukajibu chipsi.

Miaka kumi na minne Ndalahwa hajanung'unika hata siku moja, na hilo ndilo linalonichoma. Ulimwita mwelewa. Ndiyo, ni mwelewa. Umemfanya kuwa mwelewa hadi watu wa Kaengesa wanamcheka: Msukuma wa kihenge.

Ukitaka kutonisamehe, panga foleni. Mimi nilitangulia.

Silvana


Dar es Salaam
26 Septemba 1994

Dada yangu,

Shikamoo.

Sijui nianzie wapi. Siku ile barua yako ilipofika sikwenda kazini. Nakumbuka sasa, nilikuwa mdogo, baba mdogo alimshika mkono mkwe wa bibi, watu wakapiga vigelegele, mimi nikawa nagombania kitoweo. Niliona. Sikujua kwamba siku moja itakuwa zamu yangu.

Nimekasirika, dada. Nimejikasirikia, na nyinyi pia nimewakasirikia. Pombe mara mbili! Na hakuna mtu mmoja aliyenivuta shati. Mliniacha ninywe.

Nimeomba ruhusa. Nitakuja Krismasi, nitakaa wiki mbili, nitamshika mkono mbele ya kijiji chote. Mwambie mama apike pombe. Mwambie shemeji anisubiri. Hoteli nimeacha.

Mdogo wako,
Cornelius


Izia
6 Novemba 1994

Mdogo wangu,

Marahaba. Mvua imeanza kunyesha. Ndalahwa jana amemaliza shamba la wazee, kesho anaanza letu. Baba amepata nafuu. Minza amepasi kwenda sekondari, tumechinja jogoo.

Barua yako ilikawia barabarani, na hata ingewahi isingesaidia. Nilikuambia nikilisema nitaliharibu. Nilikwenda kwa mama nikamweleza kwamba nimekuandikia yote. Alinitukana kwanza, nusu anipige na mwiko. Kisha akakaa. Akasema: "Basi Cornelius akija sasa, atakuwa ameitwa. Mkono wa kuitwa siutaki."

Wiki iliyofuata akaloweka ulezi. Hakuniambia wa nini. Jumapili ya mwisho ya Oktoba, baada ya misa, akaita majirani. Ndalahwa alikuwa amekaa pale pale kwenye kihenge chake, na kofia yake magotini, akingoja sahani. Mama akatoka. Mwenyewe, Cornelius, na kitenge kile cha jubilei. Wazee wakaguna, mmoja akasema hili halijawahi kuonekana, hii ni kazi ya kaka. Mama akamgeukia: "Huyo kaka aliyemzaa ni nani? Tumbo lililomtoa ndilo hili hapa. Limekuja lenyewe."

Akamshika Ndalahwa mkono. Mume wangu alitaka kukimbia, kwao mama mkwe hata kumtazama usoni ni kazi, naye mama amemkamata kama anayekamata mbuzi wa kafara. Akamwingiza. Mkeka ulikuwa mpya, baba ndiye aliyeununua, alikuwa ameuficha chini ya kitanda. Mama akakata tonge la ugali wa ulezi, akachovya, akamlisha. Ndalahwa alilia mbele ya watu wote. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba.

Halafu mama akala. Nataka ulijue hili vizuri kuliko yote. Alikula kuku, akala maharage, akala samaki, akaomba tena ugali. Baba akasema hiyo sasa ndiyo jubilei, na tukaihesabu kuwa ndiyo.

Hasira yangu haijaisha. Najua ulikuwa shuleni, najua hukufundishwa, na mama naye anakutetea hadi leo. Lakini kuna mkono uliongojwa miaka yote ile, na sasa hakuna wa kuungoja tena. Hilo hata mimi siwezi kulirekebisha.

Krismasi njoo, nyumba ni ya wazazi wako. Ukifika piga hodi kwa sauti, maana baba hasikii vizuri. Ndalahwa atakuwa ndani, atakukaribisha.

Dada yako,
Silvana